Amekosa zahabu miezi sita, kwa nini anarudi tu shimoni?

Kuna swali ambalo wamama wa Kasongo hawachoki kutuletea redioni, na kila mara linakuja na maneno karibu yaleyale. Mtoto aliondoka kwenda kariyeri upande wa Kabambare, kule Namoya ama Salamabila. Alisema atakaa wiki mbili tatu. Miezi sita ikapita bila kutuma hata bei ya sabuni. Kisha kukatokea kilio katika familia, akarudi, amekonda, viatu vimekatika. Wazee wakamkalisha chini. Akakubali yote: ndiyo baba, ndiyo mama, shamba liko, nitabaki. Siku ya nne, kabla jogoo hajawika, kitanda kiko wazi. Amerudi shimoni.

Majibu yanayozunguka mtaani ni matatu. La kwanza, amerogwa: kuna mtu kule amemfunga ili awe mtumwa wa zahabu. La pili, ni mvivu, hataki jembe. Hili halisimami hata dakika moja. Mtu anayeingia chini ya ardhi na tochi kichwani, akapiga mwamba kwa nyundo na patasi tangu asubuhi, akabeba mawe mgongoni kwenye kilima chenye utelezi, huyo huwezi kumwita mvivu. La tatu, ni tamaa. Hapo tunakaribia kidogo, lakini neno tamaa linataja tu kitu, halikielezi. Tamaa ya kitu ambacho hujakipata miezi sita, inakulaje nguvu hivyo?

Tumeamua kulichukua swali hili kwa upande ambao hatuugusi mara nyingi, upande wa ubongo. Si kwa sababu ubongo unaeleza yote. Kuna bei, kuna deni, kuna bunduki, na tutafika huko. Lakini kuna jambo ambalo watu wa maabara wamelifahamu kwa zaidi ya miaka 30 sasa, nalo likiwekwa karibu na shimo la zahabu, mambo mengi yanaanza kueleweka.

Ndani ya kichwa cha mtu kuna seli za neva karibu bilioni 86. Zinaongea kwa umeme mdogo na kwa dawa ambazo mwili wenyewe unazitengeneza. Moja ya dawa hizo ni dopamini. Seli zinazoitoa ni chache sana, hazifiki milioni moja, zimekaa pamoja katikati ya ubongo kwa chini, lakini nyuzi zake zinafika mbali: sehemu za kutembea, za kutaka, za kujifunza, za kupanga mambo. Fikiria redio kama yetu: studio ni chumba kimoja, lakini antena ikiwa kilimani vijiji vingi vinasikia.

Vijana wenye simu watakwambia dopamini ni dawa ya furaha. Video nyingi zinasema hivyo. Jina hilo limepotosha watu, na kwa habari yetu ya leo ndilo kosa la kwanza la kuondoa.

Mwaka 1957, mtaalamu wa Uswidi Arvid Carlsson aliwapa wanyama wa maabara dawa inayoitwa reserpini. Wakalala kama mizigo, macho wazi, hawasogei. Akawapa L-dopa, kitu ambacho ubongo unakigeuza kuwa dopamini, wakainuka na kutembea. Kazi hiyo ilimpa tuzo la Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960, kule Vienna, Oleh Hornykiewicz na mwenzake wakaonyesha kwamba ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umepungukiwa sana na dopamini. Hao ndio wazee wanaotetemeka mkono, mwendo unakuwa mzito, uso unakuwa kama umeganda. (Na hapa tuseme kidogo, kwa sababu wazee wa namna hiyo hata kwetu wanasingiziwa uchawi. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walipita kutafuta wagonjwa kati ya wakaaji zaidi ya 160,000, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hakuna munganga aliyewahi kuwaambia jina la ugonjwa wao. Mzee anayetetemeka apelekwe santri ya afya, asipelekwe kwa mganga wa kufukuza pepo.)

Kwa hiyo dopamini ilijulikana kwanza kama kitu cha kuinuka na kwenda. Miaka mingi baadaye, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan akalipeleka jambo mbele. Panya walioondolewa dopamini walikaa karibu na chakula bila kukifuata, na wangekufa njaa kama hawakulishwa. Lakini ukiwawekea sukari kwenye ulimi, uso wao ulionyesha kwamba bado wanaipenda, sawa na panya wazima. Kupenda kulibaki, kutaka kulikwisha. Ni vitu viwili, na ubongo una njia tofauti kwa kila kimoja. Shika neno hilo, kwa sababu mtu anaweza kuongezewa kutaka bila kuongezewa kupenda. Wanaokunywa lutuku kila siku wanalijua hilo bila kusoma kitabu: kinywaji hakiwapi tena raha ya zamani, lakini miguu inakwenda yenyewe.

Sasa tuje kwa makako wa Uswisi.

Wolfram Schultz alikuwa anafanya kazi Fribourg. Aliweka nyuzi nyembamba za kusikiliza umeme wa seli za dopamini ndani ya kichwa cha nyani, hao tunaowaita makako. Kisha akawapa tone la maji ya matunda. Mara za kwanza, tone likija bila kutazamiwa, seli zililia kwa nguvu. Hapo hakuna ajabu. Ajabu ilikuja baadaye. Akaanza kuwasha taa ndogo, kisha tone linafuata. Taa, tone. Taa, tone. Baada ya mazoezi, seli zikaacha kulia tone linapofika, zikawa zinalia taa inapowaka. Tone lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limetazamiwa, halikusababisha kelele yoyote. Na siku taa ilipowaka halafu tone halikuja, katika sekunde ileile ambayo lingekuja, seli zilinyamaza chini kuliko kawaida yake.

Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walieleza maana yake: seli hizi zinatangaza tofauti kati ya ulichotazamia na ulichopata. Ukipata zaidi ya ulivyotazamia, zinapaza sauti. Ukipata sawasawa, kimya. Ukipata kidogo ama ukikosa, zinashuka. Na kila tangazo linaandika kitu ndani: hapa parudiwe, hapa paachwe. Ni mwalimu, ila mwalimu wa namna yake, hafundishi jambo ambalo halikushangaza.

Liweke hilo karibu na maisha yetu hapa Kasongo. Mama anajua shamba lake la mpunga. Amelima mahali pale miaka mingi, anajua mvua ikiwa nzuri atatoa magunia mangapi, ikiwa mbaya atatoa mangapi. Mavuno yakija, yanakuja karibu na alivyotazamia. Familia inakula, watoto wanalipiwa masomo. Lakini kwa seli zile, siku hiyo hakuna habari mpya. Na muhogo je? Unapanda leo, unangoja mwaka mzima ama zaidi. Kazi ya leo na chakula cha mwakani vimeachana mbali mno, ubongo unashindwa kuviunganisha kwa njia hii ya haraka, inabidi uviunganishe kwa kufikiri na kwa desturi.

Shimoni ni kinyume. Tuseme kijana anafika mara ya kwanza, hajui kitu, hatazamii kitu. Wiki ya pili mwamba unafunguka, wanakamata filoni. Mgao wake peke yake unaweza kupita pesa zote alizowahi kushika mkononi. Hapo seli zinalia kwa nguvu yote. Na kama kwa makako, tangu siku hiyo alama zilizotangulia ndizo zinazobeba mlio: rangi ya mwamba, mawe mekundu yanapoanza kutokea, kelele za wenzake chini, hata harufu ya vumbi la jiwe linalotwangwa na wamama pale juu. Kila moja ni taa imewaka. Mwili unasimama kabla akili haijauliza.

Utasema: basi akikosa wiki baada ya wiki, seli zitashuka na atajifunza kuacha. Ingekuwa hivyo kama angekosa kila siku. Lakini zahabu haikosekani kila siku. Inakuja kidogo leo, kichele kimoja cha kununua unga, siku tatu hakuna, kisha renge, kisha wiki mbili udongo mtupu, halafu jirani shimo la tatu kutoka hapa anapata tola nzima. Mwaka 2003 Schultz na wenzake Christopher Fiorillo na Philippe Tobler walirudi kwa makako na swali hilohilo: je, taa ikiwa haina uhakika? Waliona kwamba kati ya taa na wakati wa tone, seli zilikuwa zinapanda polepole, na zilipanda zaidi pale ambapo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu, yaani pale ambapo makako hawezi kujua kabisa. Kutojua kwenyewe kunawasha. Mtaalamu wa zamani, B. F. Skinner wa Marekani, aliona jambo hilo kwa nje kabla ya watu kusikiliza seli: mnyama anayepewa zawadi bila hesabu inayojulikana ndiye anayechelewa kuliko wote kuacha, hata zawadi zikikatwa kabisa.

Kuna kitu kingine kinachouma zaidi, nacho ni kukaribia. Ukikaa na wachimbaji jioni utasikia neno hilo mara kumi: leo tumeikaribia, kesho inatoka tu. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo huku wakicheza mchezo wa bahati. Mchezaji alipokosa kwa kidogo tu, alisema hakufurahi. Lakini hamu yake ya kuendelea iliongezeka, na sehemu za ubongo zinazowaka mtu akishinda ziliwaka pia. Kwenye mashine ile kukaribia ni uongo, hakusogezi kitu, mchezo unaofuata unaanza sifuri. Shimoni hadithi ni ngumu zaidi, na lazima tuseme kweli: mara nyingine kukaribia ni kweli. Mchimbaji mzoefu anasoma mwamba, anajua filoni inalala vipi. Ndiyo maana kumwambia tu "acha kujidanganya" hakumwingii. Anajua kwamba amewahi kuwa na haki.

Sisi wa redio hatukupima ubongo wa mtu yeyote Salamabila. Hizo ni kazi za maabara, kwa nyani na kwa wachezaji wa kamari, na kuzileta kariyerini ni hoja yetu. Ila kuna ushahidi mmoja unaotufanya tuisimamie. Mwaka 2005 waganga wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 11 wa Parkinson. Walikuwa watu wa kawaida, wengi wao hawakuwa na shida ya kamari hapo mbele. Walipopewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, wakaanza kupoteza pesa zao kwenye kamari, bila kuweza kujizuia. Walioachishwa dawa ama kupunguziwa, wengi waliacha. Familia zao pia zilikuwa zimeshangaa na kuuliza ni pepo gani limemwingia mzee. Jibu lilikuwa kidonge.

Basi hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko nje ya kichwa, na yeyote atakayechukua maneno ya hapo juu ili kuwadharau wachimbaji atakuwa hakutusoma.

Angalia bei. Mwaka 2016 ulipoanza, onsi moja ya zahabu kwenye soko la dunia ilikuwa karibu dola 1,100. Onsi ni gramu 31 na kidogo, kwa hiyo gramu ilikuwa kama dola 35. Oktoba 2025 onsi ilipita dola 4,000, gramu ikawa inakaribia dola 130. Mchimbaji hapati bei hiyo, kuna wanunuzi mmoja juu ya mwingine kila mmoja akikata chake, lakini habari ya kupanda inafika hadi kijiji cha mwisho. Bei ya mpunga wetu haikufuata, na barabara ya kuutoa ni ileile mnayoijua.

Angalia pia historia. Zahabu ya Namoya ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Ikaja SOMINKI mwaka 1976, watu wa umri mkubwa wanakumbuka mishahara na shule zake, nayo ikafa miaka ya 1990 vita vilipoingia. Ikaja Banro ya Kanada, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama, baada ya mivutano ya miaka na wachimbaji wa mkono na mashambulizi ya Maimai. Kila kampuni ilipofunga, vijana waliobaki walijua kazi moja. Mtu aliyekulia pale hakuvutwa na dopamini peke yake. Ni mlango gani mwingine ulikuwa wazi?

Tena kuna deni, na hapa ndipo ubongo na mfuko vinashikana mikono. Mwenye shimo, huyo anayeitwa PDG, analisha timu kwa miezi: unga, mafuta, tochi, miti ya kuzuia udongo usianguke. Siku zahabu ikitoka, kwanza anaondoa gharama zake, kisha mgao. Kijana aliyekaa miezi mitano bila kitu ana sehemu yake ndani ya shimo ambayo haijazaliwa. Akiondoka leo na wenzake wakakamata kesho, hana chake. Kwa hesabu ya karatasi si mjinga kungoja. Ila hesabu hiyo haina mwisho: kila wiki inayopita inaongeza sababu ya kungoja wiki nyingine, na seli zile hazisemi "basi", zinasema "karibu". Mfumo wa deni la shimo haukutengenezwa na mtaalamu wa ubongo, lakini kama angeombwa autengeneze ili mtu asiondoke, sidhani angefanya vizuri zaidi.

Halafu inakuja usiku wa mgao. Ni usiku huo wamama wanaoulalamikia kuliko mengine, na wana haki. Pesa ya miezi mitano inaweza kuisha siku mbili: lutuku, bia, bangi, vidonge vya tramadoli, wanawake, na siku hizi pari za mpira kwenye simu. Pombe na bangi na tramadoli, kila moja kwa njia yake, inasukuma dopamini juu bila kungoja mwamba. Pari ya simu ni shimo la zahabu lililopunguzwa likaingia mfukoni: kutojua kuko, kukaribia kuko, mechi moja tu imekuharibia tiketi. Mtu ambaye ubongo wake umefundishwa miaka mitatu kwamba utajiri unakuja ghafla, unampa simu inayoahidi kitu hichohicho kila dakika 90. Tunashangaa nini?

Waliotuumiza roho zaidi katika habari hii ni watoto. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, haimruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuchimba. Kila mtu anajua sheria hiyo na kila mtu anajua kinachoonekana kariyerini. Kwa kawaida tunalizungumza kama jambo la masomo na la hatari ya shimo kuanguka. Ongeza hili: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kuzuia, inaendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20, wakati njia za kutaka zimekwisha kuwa na nguvu tangu ujana. Mtoto wa miaka 14 anayeshika dola zake za kwanza kwa kichele cha zahabu anajifunza somo ambalo mwalimu wa darasa la saba, mwenye chaki na mshahara unaochelewa, atapata shida sana kulifuta. Ikiwa viongozi wa teritware na wa SAEMAPE wana nguvu ya kusimamia jambo moja tu, wangesimamia hilo.

Kwa wakubwa, mahubiri yana kazi yake. Misikiti yetu inakataza kamari, makanisa yanakataza ulevi, na kuna watu walioacha kwa sababu ya neno la imamu ama padri. Lakini angalia mahubiri yanasikika wapi na lini: Ijumaa ama Jumapili, mjini, mtu akiwa ametulia. Taa zinawaka mahali pengine, saa nyingine. Ahadi iliyotolewa Kasongo mbele ya wazee ilikuwa ya kweli wakati ilipotolewa. Yule kijana hakuwa anadanganya. Ndiyo maana tunaona afadhali mipango inayofungwa mapema, mtu akiwa mbali na shimo, na inayoshikwa na mikono ya watu wengine, si ya kwake peke yake.

Mipango hiyo si mipya, mingine iko tayari. Likelemba ya timu, ambamo sehemu ya mgao inakatwa kwenye mizani kabla mtu hajaigusa, na inapelekwa nyumbani kwa mtu aliyechaguliwa. Mke ama dada anayejua siku ya mgao na kuwepo. Makubaliano na PDG, yaliyoandikwa kabla ya kushuka: tunachimba hadi kina fulani ama hadi mwezi fulani, na anayeondoka baada ya hapo anabaki na haki ya sehemu yake kwa muda uliosemwa. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linamgusa mwenye shimo mfukoni, na ma-PDG wengine wenyewe wamefungwa na madeni ya wanunuzi. Lakini ndilo linalokata kamba. Kijana akijua sehemu yake haifi kwa kuondoka, "karibu" ya kichwani inabaki peke yake, bila deni la kuisaidia. Kisheria wachimbaji wa mkono wanatakiwa kuwa ndani ya koperative. Koperative ambayo ingeandika kanuni moja tu kama hiyo ingewafaa wanachama wake kuliko mihuri.

Kuna pia suala la majira. Kwetu kiangazi kinashika karibu Juni hadi Agosti, mashimo yanakauka na kwenda chini. Septemba mvua zikianza, maji yanaingia shimoni, pampu zinalia, timu nyingi zinasimama. Ni wakati uleule wa kulima na kupanda mpunga. Familia ikitaka kumrudisha mtoto, huo ndio mwezi, si wakati wa kilio, ambapo shimo limekauka na wenzake wanakaribia. Na ampatie kazi ambayo matunda yake yanaonekana haraka: mboga kando ya maji, karanga, samaki wa bwawa, usafiri wa pikipiki kama uwezo uko. Kumrudisha moja kwa moja kwenye muhogo wa mwaka na nusu ni kumwomba ubongo wake uruke mto mpana.

Na wale ambao ulevi ama pari imewashika kabisa, waende kwa munganga wa santri ya afya na waeleze wazi, bila haya. Mtu mwenye kunywa lutuku kila siku kwa miaka asifungiwe chumbani ili aache kwa siku moja: kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua. Apelekwe aangaliwe.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Shimo likitoa zahabu nyingi, habari inafika studioni kabla ya magharibi. Tunaitangaza, kwa sababu ni habari. Aliyepata ananunua pikipiki, anapita nayo barabara kuu, tunamwalika azungumze, anawasalimia ndugu na marafiki. Timu kumi zilizotoka mikono mitupu mwezi huohuo haziji studioni. Hakuna anayepiga simu kusema: leo hatukupata kitu tena. Kijana anayesikiliza akiwa kijijini Kipaka ama Wamaza anasikia taa ikiwaka, tena na tena, na kimya kinachofuata hakitangazwi. Tumekubaliana katika chumba cha habari kwamba kila tukisoma habari ya shimo lililotoa, tutauliza pia, kwa simu hiyohiyo, timu ngapi zimefunga kazi bila kitu, na kuzisoma hewani kwa hesabu. Wamama watakaopenda kutusaidia kupata hesabu hiyo, wanajua mlango wetu.